Mbiu ya Nyumba Yetu

4 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na miguu yako inayokusumbua kwa kusimama kutwa nzima mbele ya mashine za kufulia. Sisi huku hatujambo. Mke wangu anakusalimu sana, anasema kile kitambaa ulichomtumia ameshakishonesha, ila amenenepa kabla hajakivaa. Pacha wamepasi mitihani. Mmoja wao amevunja kioo cha dirisha la mwalimu, na kila mmoja anaapa kuwa ni mwenzake, na mwalimu mwenyewe hajui amshike yupi. Kibanda changu cha baiskeli bado kipo pale pale, kona ya barabara ya stesheni, na vumbi lake lile lile. Mzee yupo.

Sasa nina jambo, na tafadhali usinicheke. Nimejiunga na klabu ya watu wanaojifunza kuzungumza hadharani. Naam, mimi huyu. Mimi ambaye nikipokea simu mtu hukata kabla sijatoa neno la kwanza, akidhani mtandao umeharibika. Si ndiyo maana mimi na wewe bado tunaandikiana barua, wenzetu wote wameshasahau hata stempu inabandikwa upande gani?

Ilikuwa hivi. Januari nilikwenda kwenye mkutano wa wazazi shuleni. Nikanyoosha mkono niulize habari za vyoo, maana ni aibu tupu. Nikasimama, neno likagoma. "Vy... vy..." Wazazi wakaanza kunisaidia. "Viatu?" "Vitabu?" Mwisho wakakubaliana kwamba nataka vitabu, wakapitisha azimio, nikakaa chini. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu, sasa basi, nimechoka kumaliziwa maneno yangu na watu.

Klabu yenyewe inaitwa Sauti ya Jirani. Tunakutana Jumamosi mchana kwenye chumba kilicho juu ya duka la karatasi, viti vya plastiki, feni moja inayolalamika kuliko inavyopuliza. Mwenyekiti ni yule fundi viatu wa sokoni, mwenye kovu kidevuni. Julai klabu inatimiza miaka ishirini, na wanataka siku hiyo ielezwe asili ya jina lake. Asili yenyewe ni mzee wetu, enzi zile alipokuwa mpiga mbiu wa mji, anapita mitaani na kengele yake kutangaza misiba, mikutano, watoto waliopotea na maji yatakayokatika. Nimepewa kazi ya kukusanya habari zake. Ila atakayezisema mbele ya watu ni kinyozi. Nilipouliza kwa nini si mimi, mwenyekiti alijibu, "Wewe haiwezekani," akageukia mambo ya chai. Nimeelewa. Nani atauamini ulimi huu siku ya sherehe? Imeniuma, lakini nimemeza.

Wewe ndiye uliyekuwa ukimfuata mzee mitaani ulipokuwa mdogo. Ni wewe mzee aliyekuwa akikuachia useme sentensi ya mwisho, na watu wakitoka milangoni kukutazama. Niandikie unachokumbuka, dada. Chochote.

Mdogo wako


29 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimecheka mpaka mwenzangu wa zamu akaniuliza kama nimeolewa. Ati wakapitisha azimio! Mimi ningekuwepo ningewaambia yote, vyoo na vitabu na viatu, halafu tukaondoka wote bila kuagana nao.

Mimi mzima. Hospitali hii inazidi kupokea wagonjwa na sisi huku chini tunazidi kupokea mashuka. Mashine moja imekufa, tunaambiwa fundi anakuja, na fundi huyo ameanza kuja tangu mwaka jana. Miguu inavimba jioni, asubuhi inanywea, nimeshaizoea. Nyumba ninayokaa ni ile ile, ghorofa ya tatu, korido ndefu yenye milango pande zote, na majirani wa kuitikiana kwa kichwa tu. Anayenijua kidogo ni mpishi wa kantini, chumba cha pili kutoka kwangu, kwa sababu tunatoka asubuhi pamoja. Msalimie mke wako, mwambie nguo ikibana aiachie mishono ya pembeni. Wasalimie pacha wote wawili na mvunjaji kioo. Yule paka mwenye jicho moja bado yuko? Naye msalimie.

Kuhusu hilo jina la klabu, sina la kukuambia. Kama wao wanamwona mtu wa kupewa heshima, wana habari zao. Mimi nina yangu.

Nilitaka kuishia hapo, lakini nikiishia hapo utadhani nimesahau, na mimi sijasahau. Mtu yule alitangaza misiba ya watu asiowajua. Alitangaza mbuzi waliopotea wa watu. Alitangaza mpaka pochi ya mwalimu mkuu. Asubuhi aliyokufa mume wangu nilikaa uani nikisubiri kengele yake. Nilikuwa najua atapita njia gani, nilikuwa namhesabia kona moja moja kichwani. Kengele haikulia. Kwa hiyo watu hawakujua, na wasiojua hawaji. Mume wangu alizikwa na mafundi bomba wenzake wachache, na wewe, na watu wawili waliokuwa wakipita njia wakaona haya kutupita. Mtu aliyetengeneza bomba la kila nyumba mji ule!

Na sababu naijua. Tangu siku ya kwanza alimwita mume wangu bubu, kwa kuwa alikuwa mtu wa maneno machache. "Umetuletea bubu nyumbani kwa mpiga mbiu," alisema, mbele yake. Alipokufa akaona hastahili hata kengele. Niliondoka baada ya wiki, na sitarudi kumsikiliza akisifiwa na kinyozi.

Usiniulize tena. Mengine niandikie yote, hata ya baiskeli.

Dada yako


6 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Barua yako nilitembea nayo kwenye ovaroli mpaka ikapata alama za grisi, kila nikikaa kuijibu naishia kwenye salamu.

Salamu zenyewe ni hizi: mke wangu na watoto wazima, paka yupo, biashara inakwenda kwa kusukumwa. Mzee hayuko vizuri. Niliandika "mzee yupo" kwa sababu sikujua niandike nini kwa mtu ambaye hamwulizii. Alipata kiharusi Desemba. Upande wa kulia umelala na sauti imekwenda yote. Anasikia, nadhani anaelewa, lakini akifungua mdomo hakuna kinachotoka. Dada, ile sauti! Mimi ndiye ninayemlisha na kumwogesha, na nyumba imekuwa kimya, mgeni akiingia anaanza kunong'ona bila kuambiwa.

Sasa naomba unisome mpaka mwisho, hata kama utakasirika.

Klabuni kwetu mtu haruhusiwi kusimulia habari zake mwenyewe. Unakaa na jirani wa kiti chako, anakueleza lililompata wiki hiyo, kisha wewe ndiye unayesimama na kulisema mbele ya wote. Mara yangu ya kwanza nilipewa kinyozi. Alikuwa na habari za mwanawe aliyekataliwa kazi. Nilisimama, nikajua leo naumbuka. Nilikwama, ndiyo, lakini si kama shuleni. Mambo yalikuwa ya kinyozi, nami nilitaka yafike. Nilipomaliza, kinyozi alikuwa anafuta macho na mimi nilikuwa nimesimama bado, sijui nikae.

Baadaye nikamwuliza mwenyekiti utaratibu huu umetoka wapi. Akanishangaa. "Wewe mtoto wa mzee hujui? Mpiga mbiu hapigi mbiu ya nyumba yake. Jirani ndiye anayempigia. Ndiyo jina letu hilo." Akaniambia kwamba mzee alijifunza hivyo kwa aliyemtangulia: mwenye msiba sauti humkatika njiani, watu wakasikia kilio wasisikie habari, wasijue nani kafa na anazikwa wapi. Ndiyo maana hata mimi siwezi kusema habari za mzee siku ya sherehe. Mimi ni wa nyumba yake. Haikuwa ulimi wangu, dada. Mwezi mzima nilikuwa nimenuna bure.

Kumbuka mama alipotutoka. Aliyetangaza ni yule mpiga mbiu wa ng'ambo ya reli. Tulikuwa wadogo, tulidhani amekuja kumsaidia mzee tu. Na mdogo wetu wa mwisho alipokufa, ni yeye tena. Mzee hakuwahi kutueleza, na sisi hatukuwahi kuuliza.

Nikamwuliza mwenyekiti habari za mumeo. Alivuta uzi wa kiatu, kisha akasema yeye alikuwepo. Asubuhi ile mzee alipita sokoni mbio bila kofia, anakwenda ng'ambo ya reli. Fundi viatu akamwuliza kuna nini. Mzee akamwambia, "Nimefiwa na mwanangu, sina sauti, namtafuta mwenzangu." Mwenzake alikuwa amesafiri. Alirudi kesho yake, tukiwa tumeshazika. Fundi viatu anasema alijitolea kupita yeye na kengele, lakini wakati huo hakuijua kazi, alipita mitaa miwili akirudia maneno yasiyoeleweka, watoto wakamfuata wakimcheka, akarudi. Ni aibu ya siku hiyo iliyomfanya aanzishe klabu.

Dada, mzee hakukataa. Alimhesabu mumeo kuwa wa nyumba yake.

Mdogo wako


27 Mei

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Wasalimie wote.

Kwa nini hakusema? Alikuwa na wiki nzima. Tulikuwa tunapishana uani, mimi na ndoo, yeye na kengele yake imefungwa kitambaa, na hakusema neno. Mtu anayeishi kwa mdomo! Miaka yote hii mimi nimembeba mume wangu peke yangu kama mzigo ulioibwa, kumbe kulikuwa na mwenye haki ya kunipokea. Nimekasirika kuliko zamani, ukitaka kujua ukweli. Zamani nilikuwa na hasira na mtu mbaya, nikawa nalala. Sasa sipati usingizi.

Na hilo neno "mwanangu", fundi viatu ana hakika nalo? Mwulize tena. Mwulize kama mzee alisema mwanangu au alisema mkwe.

Anakula nini? Uji anaupenda mwepesi, usiuache ukagande, hataki utando juu. Anapenda redio iwe mbali kidogo na kichwa. Kama hawezi kugeuka mgeuze wewe kila baada ya muda, huku kwetu naona mashuka ya wasiogeuzwa, najua nisemalo.

Nimeomba likizo. Wamenipa Julai, tarehe kumi. Kabla ya hapo haiwezekani, mashine imekufa, watu hawatoshi. Hayo ndiyo niliyomwambia msimamizi na ndiyo ninayokuambia wewe.

Ukurasa wa nyuma ni wa mzee. Msomee.

Baba, shikamoo. Ni mimi. Nimeambiwa ulikwenda ng'ambo ya reli bila kofia. Mimi sikujua. Ulimwita bubu, nami nilidhani unamaanisha. Sasa nakumbuka mlivyokuwa mkikaa wawili pale barazani jioni, hamsemi kitu, na nikiwaletea chai mnaniona kama nimewakatiza. Nilikuwa nawashangaa. Baba, ilinipasa nikuulize. Sikuuliza kwa sababu niliogopa utasema ndiyo, nilimkataa. Nakuja Julai. Nisubiri, nikusikie hata ukiwa umenyamaza.


18 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Huku wote wazima isipokuwa mzee. Sikufichi tena. Amepungua, shingo imekuwa nyembamba, na uji anaupokea vijiko viwili vitatu kisha anafunga mdomo.

Nilimwuliza fundi viatu kama ulivyoniagiza. Alisema, "Mwanangu. Nilifikiri ni wewe umekufa, nikashtuka, mpaka nilipokuona unapita na ubao wa jeneza." Kisha akaniambia jambo jingine. Miaka ile ulipoondoka alimwuliza mzee kwa nini hakuelezi. Mzee akajibu, "Kama ameishi na sisi wawili na hakuona, nitamwambia nini aone?" Ni kiburi, dada, nakubali. Tena ni kiburi cha kwetu wote, mimi na wewe tunacho.

Ukurasa wako nimemsomea. Nilichagua asubuhi, akishaoga, dirisha wazi. Nilikwambia klabu imenisaidia, na kweli imenisaidia, lakini ukurasa ule haukuwa habari ya kinyozi. Ni habari ya nyumba yetu. Nilikwama kwenye neno "Baba". Nilikwama hapo mpaka mke wangu akaja mlangoni akataka kunipokea karatasi, nikamkatalia. Nilisoma neno moja moja. Maneno hayo machache yalichukua muda ambao wewe ungeyasema mara kumi. Mzee alikuwa akinitazama usoni. Nilipofika pale pa barazani, jicho lake la kushoto lilikuwa limejaa maji, lakini jicho hilo hutoka maji kila siku tangu augue. Nilipofika mwisho alikuwa amelala.

Sikudanganyi, dada. Ningeweza kukuandikia kwamba alinishika mkono, au kwamba alitabasamu. Sijui alisikia mpaka wapi. Nitamsomea tena Jumapili, na nyingine, mpaka nihakikishe.

Kinyozi amesema kama unaweza kuja kabla ya kumi Julai, klabu itakusaidia nauli. Nimekataa kwa niaba yako kwa sababu najua utakataa. Lakini njoo. Mashuka yatafuliwa na wengine. Naomba uje sasa.

Mdogo wako


5 Julai

Mdogo wangu,

Pole. Pole sana, mwanetu. Pole na kazi ya kumlea mzee peke yako miezi yote hii. Mpe pole mke wako, na pacha.

Barua yako ya tarehe kumi na nane iliingia mikononi mwangu asubuhi ile ile. Nilikuwa nimeifungua, nimefika pale uliposema njoo sasa, simu ikalia, namba ya kwenu. Nikasema leo mdogo wangu amejipa moyo, acha nimsubiri, sitakata hata akikwama saa nzima. Ikawa sauti ya mwanamume mwingine, sauti tulivu, kila neno limekaa mahali pake. "Mimi ni fundi viatu wa sokoni. Nakupigia kwa niaba ya nyumba ya mpiga mbiu." Basi nikajua. Mdogo wangu, kabla hajasema nilijua, kwa sababu hukupiga wewe.

Alinieleza yote bila kukimbia: mzee ametutoka alfajiri, hakuhangaika, atazikwa kesho mchana, wewe umekaa naye. Akaniuliza kama nitafika. Basi la kwetu lilikuwa limeshaondoka, na la kesho lisingewahi. Nikamwambia sitawahi. Akasema, "Wanachama wako mitaani hivi sasa, kila mmoja na mtaa wake. Unataka kusikia?" Akatoka nje na simu. Nilisikia magari, nikasikia kengele, kisha sauti ya mwanamke nisiyemjua inasema polepole, inarudia, kwamba mpiga mbiu wetu amefariki, na anazikwa wapi, na saa ngapi. Nilisikia na milango ikifunguliwa. Nilibaki nimeshika simu mpaka salio lake likaisha.

Sasa nikuambie la huku, maana sijamwambia mtu.

Nilitaka kwenda kumwomba msimamizi ruhusa. Nikatoka koridoni nimevaa kiatu kimoja. Mpishi wa kantini alikuwa anafunga mlango wake, akaniona, akaniuliza, "Jirani, kuna nini?" Nikafungua mdomo. Unanijua mimi. Sijawahi kukosa neno, si kwa polisi, si kwa msimamizi, si kwa mtu yeyote. Sentensi yenyewe ni fupi, baba yangu amekufa. Nikaanza, haikuja. Nikaanza tena. Nilikuwa nasikia pumzi inatoka tupu. Akanishika mabega, akaanza kukisia yeye: "Ni mtoto? Ni kazi? Ni nyumbani? Ni mama? Ni baba?" Hapo nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Akanirudisha ndani, akanikalisha kitandani. Kisha akatoka, na bila mimi kumwomba akaanza mlango wa kwanza. Nilimsikia akigonga. "Jirani yetu wa chumba cha mwisho, yule anayefua hospitali, amefiwa na baba yake." Mlango wa pili, maneno yale yale. Akamaliza korido, akashuka ghorofa ya pili. Watu ambao hatujawahi kupeana jina walikuja. Walikaa kitandani, walikaa sakafuni, wengine walisimama kwenye ngazi kwa sababu chumba kimejaa. Mwanamume mmoja mzee akaniuliza kwa upole baba alikuwa mtu wa kazi gani, na wote wakanigeukia wanisikie.

Sikuweza kumjibu. Si kwamba nilikataa, mdogo wangu. Nilitaka sana kumjibu.

Dada yako